Mwaka Mpya wa Kifilipino: maswali mnayoniuliza kila Desemba ikikaribia

Mimi ni mtoto wa Muheza, nimeolewa na Mfilipino wa Batangas, tulikutana Dubai kazini na mpaka leo tunaishi huku huku. Kila mwaka ikifika Novemba simu yangu inajaa meseji za dada na kaka zetu waliopo Ghuba, mwingine ana mchumba Mfilipino, mwingine anakaa nao chumba kimoja, mwingine kaalikwa tu na mtu wa kazini na hajui aende vipi. Maswali ni yale yale, nimeona niyaweke yote pamoja. Kama ya mwanzo unayajua ruka, nenda huko chini kwenye mambo ya ukweni na ya misiba.

## Ya mwanzo mwanzo

Mwaka mpya wao ni tarehe ngapi, ni huu huu wetu?

Ndio, ni usiku wa tarehe 31 Desemba kuamkia 1 Januari. Wanaochanganya ni wale waliosikia habari ya mwaka mpya wa Kichina. Huo nao upo, hasa Binondo pale Manila, mtaa wa Wachina uliopo tangu 1594, ila unafuata mwezi, unaangukia mwishoni mwa Januari au Februari, na ni shughuli nyingine kabisa.

Kitu cha kujua ni kwamba kwao sikukuu haianzi Desemba. Septemba tu ikiingia nyimbo za Krismasi zinapigwa madukani, wanaita miezi ya "ber" kwa vile majina yake kwa Kiingereza yanaishia hivyo. Tarehe 30 Desemba ni siku ya José Rizal, shujaa wao aliyepigwa risasi na Wahispania mwaka 1896, kwa hiyo 30, 31 na 1 zinafuatana zote mapumziko na mabasi na meli zinajaa watu wanaorudi kwao.

Media Noche ndo nini, mbona kila mtu anaitaja?

Ni mlo wa saa sita usiku wa kuukaribisha mwaka. Jina ni la Kihispania, maana yake katikati ya usiku. Usiichanganye na Noche Buena, ule ni mlo wa mkesha wa Krismasi. Chakula kinafanana lakini Media Noche ina masharti yake, na hayo masharti ndo nusu ya maswali yote yaliyopo hapa.

Neno utakalolisikia zaidi usiku huo ni *kumpleto*. Mama mkwe wangu, sote tunamwita Nanay, kila baada ya dakika kumi anauliza "Kumpleto na ba?", yaani tumetimia wote? Anauliza watu na anauliza vitu pia, mchele umejaa, maji yamejaa, matunda yametimia, nani bado hajafika. Mimi naamini ukilielewa neno hilo moja mengine yote utayaelewa bila kufundishwa, kwa sababu wanachotaka ni mwaka uwakute wametimia na nyumba imejaa, ili ubaki hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mila zenyewe zimetoka wapi?

Zimechanganyika. Wahispania walitawala tangu 1565 mpaka 1898 wakaacha Ukatoliki, majina ya vyakula, na hata ile desturi ya kwao ya kula zabibu 12 saa sita ikilia. Wachina wamefanya biashara na visiwa vile tangu kabla Mhispania hajafika, kwao ndo kumetoka tambi za maisha marefu, kelele za kufukuza mabaya, na kuliona duara kama pesa. Nazi, mchele wa kunata na heshima ya wazee ni vya kwao wenyewe. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kushangaa, kwetu nako Mwarabu, Mhindi na Mreno wote wamepita jikoni.

"Heri ya mwaka mpya" wanasemaje?

*Manigong Bagong Taon.* Manigo ni yenye neema, kufanikiwa. Ukimwambia mtu mzima ongeza *po* mwishoni, hako kaneno ni ka heshima, usikasahau. Kuhusu kuwaamkia wazee nimeeleza mbele kwenye mambo ya ugeni.

## Mezani

Kwa nini matunda lazima yawe ya duara, na ni 12 au 13?

Duara ni sarafu. Meza ikijaa vitu vya mviringo ni kama umeijaza pesa. Kumi na mbili ni miezi, kila mwezi na tunda lake, ndo idadi ya familia nyingi. Wenye kuweka 13 wanasema 13 ina bahati. Kwa mume wangu ni 12 na la kumi na tatu linawekwa pembeni, Nanay anasema la mgeni, na mwaka wangu wa kwanza ukweni nilipewa mimi. Lilikuwa chungwa. Nililia maana chungwa ndo Muheza yenyewe, ukipita barabara ya Tanga unayakuta yamepangwa mpaka unachoka kuyaangalia, na pale nilikuwa mbali na kwetu sijui lugha ya mtu yeyote.

Kule Ufilipino siku za mwisho wa Desemba matunda yanapanda bei vibaya, watu wanasongamana soko la Divisoria pale Manila kutafuta nafuu. Wanaweka suha ambalo kwetu ni balungi, zabibu, tikiti, epo, peasi, machenza, tikiti tamu, longani, lansones na mengineyo. Nanasi si duara lakini nyumba nyingi linawekwa, wanasema yale macho yake ni duara. Yenye miiba wengine hawayataki kabisa. Usibishane, fuata nyumba ulipo.

Nipo Dar (au Mombasa, au Zanzibar), matunda 12 ya duara natoa wapi?

Mbona yapo! Chungwa, chenza, danzi, balungi, limau, ndimu, pasheni, komamanga, tikiti maji, pera, zambarau, bungo, hapo tayari 12 na hujagusa epo wala zabibu za kutoka nje. Ukiwa Unguja ongeza shokishoki, Mfilipino akiliona atapiga kelele maana ni rambutan lile lile la kwao, na doriani pia wanalo, hasa mji wa Davao kule kusini. Nimeshaona mtu mzima kabisa anashika shokishoki la Darajani machozi yanamlenga.

Na huhitaji kilo moja moja. Nunua tunda moja la kila aina, zabibu hata kichala kidogo. Tunahesabu aina, uzito hauna kazi.

Chakula gani lazima kiwepo?

Tambi, *pancit*, hizo hazikosekani. Ni za maisha marefu ndo maana hazikatwi, usizivunje wakati wa kupika na ukipakua pakua ndefu ndefu hivyo hivyo hata kama zinaning'inia. Kisha vitu vya mchele wa kunata, biko au bibingka au vingine, ili familia ishikamane na bahati igande nyumbani. Halafu *hamon*, yaani paja la nguruwe lililotengenezwa kwa chumvi na sukari, na *queso de bola*, lile jibini la duara lenye nta nyekundu. Wenye uwezo wanachoma nguruwe mzima, *lechon*. Lumpia (roli nyembamba za kukaanga), spageti yao tamu yenye soseji (ina sukari kweli, usishtuke), saladi ya matunda na maziwa mazito, leche flan (pudini ya mayai na maziwa).

Sio lazima vyote. Nimekaa Media Noche ya pancit, mikate ya duara na matunda sita, watu wanne kwenye kitanda cha ghorofa Satwa hapa Dubai, na ilikuwa Media Noche kamili.

Mbona hakuna kuku? Nilitaka kupeleka biriani ya kuku

Wana msemo, *isang kahig, isang tuka*, kuchakura mara moja kudonoa mara moja. Kuku anachakura anapata punje anakula, kesho anaanza upya. Ni maisha ya kijungu jiko. Sasa ukimweka kuku mezani saa sita usiku ni kama unauambia mwaka uje na maisha hayo, mtu utoke asubuhi kutafuta cha jioni. Familia nyingine hata samaki hawataki, wanaona ni chakula cha siku za kawaida za kubana matumizi.

Mimi hili ndo nililipenda kuliko yote kwa sababu ukiangalia nani analifuata kwa ukali, ni watu walioyaishi maisha hayo. Nanay aliwahi kulea watoto watano kwa kuuza mboga, kuchakura na kudonoa anakujua. Kwa hiyo mtu akikwambia mila zao za ajabu mwambie aende akamuulize mama aliyewahi kulaza watoto njaa kama ni za ajabu.

Si kila nyumba wanashika, utakuta wengine wana kuku wa kukaanga mezani na hawana habari. Ila wewe mgeni usijaribu. Peleka biriani ya mbuzi au pilau ya ng'ombe, vitaisha kabla ya hamon.

Biko naipikaje nikiwa hapa nyumbani?

Rahisi sana kwa anayejua wali wa nazi. Tafuta mchele wa kunata, maduka ya Waasia wanao, wa kawaida haukubali hata uubembeleze vipi. Vikombe viwili vya mchele, loweka saa moja hivi, pika na maji kidogo uive lakini usilegee. Pembeni chemsha tui zito vikombe viwili na kikombe kimoja cha sukari ya kahawia na chumvi kidogo, koroga mpaka liwe zito linang'ang'ania mwiko. Mimina wali humo, endelea kukoroga kwa moto mdogo mpaka mkono uchoke na wali uanze kuachia sufuria. Tandaza kwenye sinia lenye jani la mgomba.

Juu wanaweka *latik*. Chukua tui la kwanza peke yake, chemsha taratibu mpaka mafuta yatoke na zile chembe zigeuke kahawia. Wazee wetu waliokamua mafuta ya nazi nyumbani wanazijua hizo chembe, ndo zile zile.

Na bibingka, jamani, ni ndugu wa mkate wa kumimina: mchele, nazi, moto wa mkaa juu na chini. Siku nilipompikia mume wangu mkate wa kumimina wa mama yangu alinyamaza muda, halafu akauliza "nani kakufundisha hii?"

## Nyumba, na ile saa yenyewe

Kabla ya saa sita wanafanya nini?

Wanajaza. Debe la mchele linajazwa mpaka juu, maji yanajazwa kila chombo, chumvi, sukari, mafuta. Pochi ya kila mtu inawekwa pesa hata kidogo, mwaka usikukute pochi tupu. Madeni yanayolipika yanalipwa. Nyumba inasafishwa tarehe 31 mchana kwa sababu kesho yake hakufagiliwi (ntaeleza chini).

Mchele wenyewe ukikosa hela ya kujaza gunia jaza kopo. Nanay miaka ya shida alikuwa anahamishia mchele kwenye kopo dogo ili lijae.

Na saa sita ikigonga?

Vitu vyote kwa pamoja. Taa zote zinawaka mpaka ya chooni, milango, madirisha, makabati na droo vinafunguliwa ili neema iingie. Watoto wanaruka ruka, wanaambiwa watarefuka, na wanaruka kwa imani mpaka wanahema. Watu wazima wanatikisa sarafu mfukoni au wanazirusha sebuleni watoto waokote. Na kelele! Sufuria na miko, honi za magari, *torotot* yaani tarumbeta za karatasi au plastiki, mbwa wote wa mtaa wanabweka. Kelele ni ya kufukuza mabaya ya mwaka uliopita.

Baada ya hapo watu wanakumbatiana mmoja mmoja, hakuna anayerukwa, ndo wanakaa kula. Wengi wanaanza na sala. Mimi siku ya kwanza nilidhani nitaona aibu kugonga sufuria mbele ya wakwe, kumbe ile dakika moja ilinifungua kuliko mwezi mzima wa kukaa nao kwa adabu.

Nguo za madoa madoa ni lazima?

Hapana. Ni duara tena, sarafu. Ukiwa na kitenge au kanga yenye madoa ya mviringo vaa, watafurahi mno. Muhimu iwe na mfuko wa kuweka sarafu.

Tarehe 1 nisifanye nini?

Usifagie, utaitoa bahati nje. Usitumie pesa kama unaweza kuepuka, maana utakavyoianza siku ndivyo mwaka utakavyokwenda. Usikopeshe. Usigombane na mtu. Vyombo vinaoshwa, chakula cha jana kinapashwa, na watu wanalala sana.

## Fataki

Nimesikia watu wanakatika vidole, ni kweli?

Kweli kabisa, na hapa nitasema bila kuzunguka. Kila mwaka Wizara ya Afya ya Ufilipino inahesabu majeruhi wa *paputok*, yaani fataki, kuanzia karibu na Krismasi mpaka siku chache baada ya mwaka mpya, na wanafika mamia, wengi watoto na vijana. Mdogo wake mume wangu hana vidole viwili mkono wa kulia, alikuwa na miaka tisa, aliokota fataki iliyogoma kulipuka akadhani imeisha.

Sheria ipo, ya mwaka 1992 inayosema zipi zinaruhusiwa na zipi haziruhusiwi, halafu 2017 Rais Duterte alitoa amri kwamba fataki za kulipuka zipigwe kwenye maeneo ya pamoja yaliyopangwa, sio kila mtu uani kwake. Davao wao walipiga marufuku tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mji unapiga torotot tu. Zinatengenezwa sana Bocaue, mkoa wa Bulacan, familia nyingi kule ndo mkate wao, kwa hiyo sio jambo jepesi kulimaliza.

Ukienda na watoto mambo mawili tu. Usiwaache waokote chochote barabarani asubuhi ya tarehe 1, na saa sita kamili kaa chini ya paa, kwa sababu wapo wanaopiga bunduki hewani na risasi lazima irudi chini.

## Imani

Huu si ushirikina?

Hili naulizwa na watu wa kanisani na wa msikitini sawa sawa.

Ufilipino karibu watu wanane kati ya kumi ni Wakatoliki, na tarehe 1 Januari kwao ni siku ya Maria Mama wa Mungu, siku ya lazima kwenda misa. Watu wanatoka misa ya jioni ya tarehe 31 wanarudi kupanga matunda. Ukimuuliza Nanay kama tunda linaleta pesa anakujibu Mungu ndo anatoa, tunda ni kuomba kwa vitendo. Wapo mapadri wanaokemea na wapo wanaoona ni furaha ya familia tu.

Nasi tujitazame kidogo. Kwetu hakufagiliwi usiku eti riziki inatoka, chumvi usiku haiitwi jina lake, sindano haiazimwi giza likiingia. Makunduchi kila mwaka wanapigana migomba kwenye Mwaka Kogwa ili ya mwaka wa zamani yaishie pale, na wanaenda kuswali kama kawaida. Mimi sikwambii uamini nini. Kama dhamiri inakukataza kuruka au kurusha sarafu, kaa tu karibu yao, hakuna atakayekulazimisha. Usicheke, na usianze kuhubiri saa sita usiku mezani kwa mtu.

Mimi Muislamu nimealikwa, naweza kwenda?

Hukumu ya kwenda au kutokwenda muulize unayemwamini katika dini, mimi nakwambia ya jikoni. Nguruwe anaingia sehemu usizozitarajia, ndani ya lumpia, ndani ya pancit, soseji za spageti, mafuta ya kukaangia. Sema mapema, wiki moja kabla, usingoje kukataa sahani. Hawatakereka hata kidogo, Mindanao na Sulu, visiwa vyao vya kusini, wana ndugu zao Waislamu na waliokaa Ghuba wanajua halali ni nini. Emirati nguruwe anauzwa sehemu ya pembeni tu kwa wasio Waislamu, Saudia hayupo kabisa, kwa hiyo Wafilipino wa huko wameshazoea kupika Media Noche ya ng'ombe.

Shangazi yangu ni Muislamu wa Pangani, alikuja kututembelea mwaka mmoja, wakwe zangu walinunua sufuria mpya na sahani mpya kwa ajili yake peke yake wakampikia pancit ya kamba. Mpaka leo ananiulizia habari zao kabla ya kuniuliza za wanangu.

Wafilipino wote wanafanya hivi?

Hapana. Waislamu wa kusini wengi hawafanyi, Mashahidi wa Yehova hawafanyi, na walokole wengi wanabaki na chakula na sala bila hayo mengine. Vijana wa mjini nao wanachagua chagua. Uliza nyumba husika.

## Ukiwa mgeni au mkwe mtarajiwa

Nibebe nini?

Kitu cha duara, umemaliza. Tunda ambalo hawana, keki ya duara, hata mandazi ya mviringo. Au chakula cha kwenu (kuku hapana, angalia hapo juu). Usiende mikono mitupu na usibebe mfuko mmoja wa kujionyesha, watoto ni wengi, afadhali pipi za kutosha wote.

Wazee nawaamkiaje?

Inama kidogo, shika mkono wa mzee kiganja kikiangalia chini, gusisha mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso wako, useme "Mano po." Atakujibu "Kaawaan ka ng Diyos", Mungu akurehemu. Ni shikamoo na marahaba, tofauti ni mkono tu. Anza na mkubwa kuliko wote, usimruke yule mzee aliyekaa kimya pembeni, huyo ndo wataulizana kesho kama ulimwamkia.

Majina: bibi ni *Lola*, babu *Lolo*, dada mkubwa *Ate*, kaka mkubwa *Kuya*. Aliyekuzidi hata mwaka mmoja usimwite jina tupu.

Watoto wanapewa pesa?

Zaidi Krismasi kuliko mwaka mpya, ila ukiwa mkwe mpya andaa noti mpya mpya, ndogo ndogo, kwa watoto wote sawa. Familia zenye damu ya Kichina wanaweka kwenye bahasha nyekundu, *ampao*.

Wakinipa maiki niimbe?

Imba. Wimbo wowote, hata wa Kiswahili bila muziki. Kuimba kwao ni kuingia ndani ya familia na videoke (karaoke yao) itaenda mpaka alfajiri, hakuna anayepima sauti yako.

## Ukiwa mbali na nyumbani

Manila wakifika saa sita usiku kwetu ni saa ngapi?

Dar, Nairobi, Kampala, Doha, Kuwait na Riyadh ni saa moja jioni. Dubai na Muscat saa mbili usiku. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi saa kumi na mbili jioni. London saa kumi jioni, Toronto saa tano asubuhi. Piga simu nusu saa kabla, ikigonga sita mtandao wa kule unazidiwa na picha inaganda.

Tunaishi ghorofani na majirani ni wakali, kelele tufanyeje?

Sisi tunafanya mara mbili. Saa mbili usiku, Manila inapofika sita, tunagonga sufuria dakika moja tukiwa kwenye simu na Nanay, muda huo jirani yupo macho na hakuna aliyewahi kuja kugonga. Saa sita ya hapa tunawasha taa, tunafungua makabati, watoto wanaruka kwenye godoro. Fataki usiguse, Emirati kuwa nazo bila kibali ni kosa la jinai. Na ile misa ya shukrani, kanisa la St. Mary's pale Oud Metha linajaa mpaka nje, wahi.

Mwenzangu yuko zamu usiku huo, itakuwaje?

Hili linauma wengi, wauguzi, wa hotelini, wa majumbani, Saudia tarehe 1 ni siku ya kazi kama nyingine. Tunachofanya, sahani yake inapakuliwa mezani kabla ya mtu mwingine kula, inafunikwa. Akirudi alfajiri anaamshwa aliyelala mwepesi akae naye. Na asubuhi anapigwa mabusu kama vile sita ndo imegonga sasa hivi. Kama ni wa majumbani na hana ruhusa ya kutoka, mtumie tunda moja la duara siku moja kabla kwa mtu anayemwendea. Usidharau, watu wamekaa na chungwa hilo chini ya mto.

Boksi la kwenda Ufilipino litume lini?

La meli, *balikbayan box*, tuma Oktoba, ukichelewa sana mwanzo wa Novemba. Ukituma Desemba litafika watu wameshasahau sikukuu.

Kwenye nyumba kuna msiba, wanasherehekea?

Wanakula, hawasherehekei. Wao wana siku tisa za sala, wana arobaini kama sisi, na wana mwaka mzima wa kuomboleza unaoisha kwa *babang luksa*, kushusha nguo za msiba. Ndani ya mwaka huo familia nyingi hawapigi muziki wala hawavai rangi za kung'aa. Ukialikwa nenda, umebeba chakula, vaa nyeupe au nyeusi, usilete torotot.

Baba mkwe alifariki Agosti, na Desemba ile tulisafiri wote kwenda Batangas. Nanay alijaza mchele, alijaza maji, alipanga matunda 12 na la kumi na tatu. Akaweka sahani ya mumewe pale anapokaaga siku zote, pancit, biko, kikombe cha kahawa ya barako isiyo na sukari. Saa sita tuliwasha taa zote, hatukugonga kitu, mtaa mzima unalipuka na nyumba yetu kimya. Akatutazama mmoja mmoja kama kawaida yake akauliza, "Kumpleto na ba?" Watu wazima wote tukainamisha vichwa. Mwanangu wa miaka minne akahesabu viti kwa kidole, akafika kwenye kile cha babu, akakihesabu nacho, akamwambia ndio Lola. Nanay akafanya ishara ya msalaba, akashika mwiko akaanza kupakua.